Sauti Iko na Mwenyewe

Disemba 21, 1937, Los Angeles. Carthay Circle Theatre imejaa mastaa wa Hollywood, luku zimeivana, mataa yanamulika hadi barabarani, wasee wa magazeti wanapiga picha bila kupumzika. Ni ile usiku Snow White and the Seven Dwarfs inaonyeshwa watu mara ya kwanza. Kwa mlango anatokea manzi wa miaka 21 anaitwa Adriana Caselotti. Amekam na Harry Stockwell, ule chali ameimba sehemu za Prince. Mwenye anashika mlango anawaitisha tiketi. Hawana. Adriana anajaribu kueleza ati yeye ndiye Snow White na huyu hapa ndiye Prince wake, lakini nani atamjua? Sura yake haiko mahali popote. Venye Adriana mwenyewe alikuanga anasimulia akiwa mzee, walingoja huyo wa mlango ageuke kidogo, wakapenya, wakapanda hadi balkoni, wakacheki muvi kutoka huko juu.

Ebu fikiria hapo. Ukumbi mzima umenyamaza, unaskiza sauti ya mtu mwenye ameingia kwa kuhepa. Muvi ikaisha, watu wakasimama wakapiga makofi, na jina la Adriana halikutokea kwa skrini. Ukweli usemwe, si yeye peke yake. Hakuna sauti hata moja iliandikwa jina, hata za wale wafupi saba. Marge Belcher, ule dansa mwenye wachoraji walimrekodi akitembea na kucheza ndio Snow White apate mwendo wa mtu, pia hakuandikwa. Adriana alilipwa dola 970 kwa kazi yote. Muvi ikakunja karibu dola milioni 8 kwa mzunguko wa kwanza. 1939 Walt Disney akapewa Oscar ya kipekee, moja kubwa na zingine saba ndogo, akikabidhiwa na Shirley Temple akiwa bado mtoi. Walt alistahili, hapo sina ubishi, juu kuna wasee walikuwa wanamwambia hiyo muvi itammaliza na bado akasonga. Lakini kwa hiyo meza ya mataji hakukuwa na kitu ya mwenye sauti, na hiyo inaniuma.

Kazi yenyewe Adriana aliipata kwa simu. Mzae wake, Guido Caselotti, alikuwa mwalimu wa kuimba huko Los Angeles. Msee mmoja wa Disney akampigia akiuliza ka ana mwanafunzi wa kike mwenye anaweza imba na kubonga ka msichana mdogo. Adriana alikuwa keja, ameshika ile simu ingine ya ndani, anaskiza kila kitu. Hakungoja mzae amalize. Akaingilia hiyo laini, akaanza kuimba hapo hapo. Alikuwa na miaka 18. Akaitwa majaribio, na stori husema Walt alikaa nyuma ya pazia ndio asione sura ya mtu, askie sauti pekee. Deanna Durbin, mwenye baadaye alikuja kuwa staa mkubwa wa kuimba kwa muvi, inasemekana aliachwa juu sauti yake ilikuwa imekomaa sana, na alikuwa mdogo kuliko Adriana.

Kubaya kulikuja baadaye. Jack Benny, mchekeshaji mwenye alikuwa bazenga wa redio enzi hizo, alitaka Adriana kwa kipindi chake. Venye inasimuliwa, Walt alikataa, juu hakutaka watu wajue hiyo sauti inatoka kwa nani. Watu waamini Snow White ni Snow White. 1939 unamskia Adriana sekunde chache kwa The Wizard of Oz, mstari mmoja tu, na hapo pia hakuna jina. Kenye kinanishika kumhusu ni kwamba hakuwahi ichukia hiyo kazi. Alizeeka akiimbia watu wenye walikuwa wanamtafuta, na alikuanga anasema anajivunia juu hiyo sauti itabaki hata akienda. 1994 akapewa heshima ya Disney Legend, miaka 57 baada ya ile usiku ya Carthay Circle. Januari 1997 akafariki.

Sai wacha nieleze kitu mbogi yangu mingi haijui. Wasee hudhani katuni huchorwa kwanza, alafu mtu anaitwa aweke sauti juu yake. Kwa hizi muvi kubwa ni kinyume. Sauti ndio huanza. Msanii anasimama kwa maiki na karatasi zake, hana nguo za kifalme, hana farasi, hana sura ya mtu ya kuangalia. Mara mob mwenye wanabonga naye kwa stori hata hayuko kwa hiyo studio, alirekodi siku ingine, so unapiga stori na ukuta na lazima ukuta ujibu. Anarudia mstari mmoja hadi maneno yanapoteza maana, alafu anaambiwa arudie tena juu mwelekezi anataka pumzi iishe mapema kidogo. Kuna kamera inamchukua usoni. Wachoraji wanabeba hiyo rekodi, wanaskiza neno kwa neno, wanachora mdomo, nyusi na shingo kufuata venye alivuta hewa. So ukicheki Belle kwa Beauty and the Beast ya 1991 akikunja uso ama akitoa nywele kwa macho, unacheki vitu wachoraji walichota kwa Paige O'Hara. Hiyo ndio muvi ya kwanza ya katuni kuwahi tajwa kwa shindano la Oscar ya muvi bora ya mwaka, na iliingia hapo ikiwa imebebwa na pumzi ya huyo mathe.

Glen Keane ni mfano poa. Huyu ni mmoja wa wachoraji wakali wenye Disney imewahi kuwa nao. Kwa The Little Mermaid alikuwa amepangiwa kuchora Ursula, mchawi wa bahari. Alafu akaskia Jodi Benson akiimba ile ngoma ya Ariel ya kutamani maisha ya nchi kavu. Akaenda kwa wakubwa akawaambia lazima yeye ndiye amchore Ariel. Yaani mwili wa Ariel ulianzia kwa sikio la mchoraji.

Hapo kati ya Adriana na Jodi kuna Ilene Woods, na nikimfikiria huyu huwa natulia. 1948 alikuwa msichana wa redio, na mabeste zake wawili watunzi, Mack David na Jerry Livingston, wakamwomba awaimbie ngoma kadhaa ndio wampelekee Walt askie ka zinafaa Cinderella. Hakuwa anaomba kazi. Alikuwa anasaidia mabeste. Wasichana zaidi ya 300 walikuwa wamefanya majaribio ya hiyo nafasi. Walt akaskia hiyo rekodi, akauliza ni nani huyo anaimba, na shughuli ikaisha hapo.

Kuna pahali kwa Cinderella anapiga deki sakafu akiimba, na mapovu ya sabuni yanapaa, kila povu iko na Cinderella mwingine ndani anaimba naye. Cheki tena hiyo sehemu ukiwa umevaa hedifoni. Hao wote ni Ilene. Walt alimwuliza ka anaweza imba sauti ya pili kufuata yake mwenyewe, akavaa vya masikio, akaimba juu ya rekodi ya kwanza, alafu ya tatu juu ya hizo mbili, hivyo hivyo hadi ikawa kwaya ya mtu mmoja. Sai mtoi yeyote Kayole mwenye ako na laptop na maiki ya bei ya chini anafanya hiyo kitu kabla ya saa nne asubuhi. Zamani hizo ilikuwa ajabu, na manzi wa miaka 19 hivi aliishika bila kuyumba. Kampuni nayo ilikuwa kwa msoto, vita ya pili ya dunia ilikuwa imeiachia madeni ya mamilioni. Cinderella ya 1950 ndio iliwatoa hapo.

Ilene alikuja kushikwa na Alzheimer. Bwanake, Ed Shaughnessy, ule mpiga ngoma wa bendi ya Tonight Show, alieleza baada ya kifo chake kwamba hakuwa anakumbuka tena ati yeye ndiye aliimba Cinderella. Lakini wauguzi walikuwa wanamwekea ile ngoma yake ya kuota, na akiiskia anatulia. Alifariki Julai 2010. Wasee wa mtaa husema muziki ni dawa, na mara mingi tunasema tu. Hapa ni mtu alitibiwa na sauti yake ya miaka 60 nyuma, bila kujua ni yake.

Mary Costa nitampitia haraka juu stori yake ni ya ushindi mtupu. Manzi wa Knoxville, Tennessee, akapata kazi ya Princess Aurora kwa Sleeping Beauty mwanzo wa miaka ya 50, muvi ikatoka 1959. Aurora yuko kwa skrini dakika 18 hivi pekee, kwa muvi yenye jina lake! Lakini muziki ulikuwa wa Tchaikovsky, na Mary alikuwa na koo ya kuubeba. 1964 akasimama Metropolitan Opera huko New York akiimba Violetta kwa La Traviata. Kabla ya hapo, Rais Kennedy alipouawa 1963, Jacqueline Kennedy aliomba Mary aimbe kwa ibada ya kumkumbuka Los Angeles. Mwenye anadhani sauti za katuni ni za watu walikosa kazi ya maana, ampelekee Mary Costa hiyo stori.

Narudi kwa Jodi Benson, juu hapo ndio kuna utamu wote. Howard Ashman, mwandishi wa nyimbo, alikuwa amefanya na yeye tamthilia ya Broadway inaitwa Smile 1986, na ikaanguka, ikafungwa haraka. Wasanii wake wakabaki bila kazi. Ashman akawaambia waje wajaribu bahati kwa hii kitu yake mpya ya samaki. Jodi akapita. Siku ya kurekodi ile ngoma kubwa, akaomba taa za studio zipunguzwe, giza liingie, ndio ajiskie ako chini ya maji. Ashman alikuwa naye ndani ya hicho chumba, karibu kabisa na maiki, akimsukuma apunguze nguvu. Jodi alikuwa ametoka kwa steji, kwa steji unaimbia mtu wa kiti cha mwisho. Ashman alitaka aimbie mtu mmoja, tena kwa kunong'ona. Ukiskiza hiyo rekodi na umakini utaskia penye sauti inakaribia kukatika na haikatiki. Hapo ndio kazi iko.

Alafu ikabaki kidogo ngoma yenyewe itupwe. Walipojaribia muvi na watoi, mmoja akamwaga popcorn akaanza kuziokota, na Jeffrey Katzenberg, mkubwa wa studio, akaona watoi wameboeka hapo. Ashman, Keane na wengine wakakataa katakata. Ngoma ikabaki. Ashman alifariki Machi 1991, Ukimwi ukimbeba akiwa na miaka 40, kabla aone Beauty and the Beast ikimaliza.

Na cheki hii stori yenyewe. Hans Christian Andersen aliiandika 1837 huko Denmark, na kwa yake msichana anakatwa ulimi. Kwa ya Disney, Ariel anauza sauti yake kwa Ursula, inawekwa kwa ganda la konokono wa bahari la kuvaa shingoni, na Ursula anaitumia kumdanganya Prince akijifanya manzi anaitwa Vanessa. Sauti ya Vanessa pia ni Jodi Benson. Alicheza mwenye ameibiwa, akacheza na mwizi. Kwa miaka mingi hizi kampuni zimekuwa zikiuzia watoi stori inasema ukipoteza sauti umepoteza nafsi, na wakati huo huo jina la mwenye sauti linaandikwa mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, watu wakiwa washasimama kutafuta mlango.

Ikafika Aladdin, 1992, na Jasmine akagawanywa. Linda Larkin alibonga, Lea Salonga akaimba. Linda alikuwa na sauti nyembamba ya juu, akaambiwa aishushe, ikue na uzito wa mtu ameshachoka kupangiwa maisha. Lea ni wa Manila, Ufilipino, na 1991 alikuwa amebeba Tony ya Miss Saigon. Kwa muvi anaimba hiyo ngoma moja ya zulia na kipande chake cha mwisho, basi, na hiyo moja ikazunguka dunia nzima. Oscar ya wimbo ikaenda kwa watunzi, Alan Menken na Tim Rice, na ndio utaratibu, Oscar ya wimbo hupewa watunzi. Angalau usiku huo wa 1993 Lea na Brad Kane, sauti ya kuimba ya Aladdin, walipandishwa kwa steji ya Oscar waimbe na sura zao zionekane. 1998 Lea akarudi akaimba Mulan, Ming-Na Wen akibonga. Pocahontas ya 1995 ilikuwa hivyo pia: Irene Bedard maneno, Judy Kuhn nyimbo. Kazi ya wawili kubeba roho moja ni ngumu, juu lazima mwenye anaanza kuimba aingie na ile hasira ama ile huzuni mwenzake ameiacha kwa mstari wa mwisho. Ukikosa kugundua wamebadilishana, wameshinda.

Anika Noni Rose nampenda kivyake. The Princess and the Frog, 2009, New Orleans ya miaka ya 1920, Tiana ni waitress anachapa kazi mbili ndio afungue mkahawa wenye mzae wake aliota. Princess wa kwanza mweusi wa Disney, miaka 72 baada ya Snow White. Anika alikuwa ashabeba Tony 2004 na ameonekana kwa Dreamgirls. Aliwaomba wachoraji Tiana akue anatumia mkono wa kushoto, juu yeye mwenyewe ni wa kushoto. Wakakubali. Mtoi mwenye amechapwa vidole shuleni ama ushago juu ya kushika kijiko na kushoto, na hao bado wako, akicheki Tiana akikoroga sufuria ataona mtu wake. Hicho ndio kitu msee wa sauti analeta kwa meza, hata penye hakuna sauti inahitajika. Kitu ingine imenibamba: Anika ni wa Bloomfield, Connecticut, na Adriana Caselotti alizaliwa Bridgeport, Connecticut. Jimbo moja ndogo limetoa wa kwanza kabisa na wa kwanza mweusi.

Agosti 2011, Anaheim, California, kwa ule mkutano mkubwa wa mafans wa Disney, wakaitwa wote pamoja: Jodi Benson, Paige O'Hara, Linda Larkin, Lea Salonga, Anika Noni Rose. Wakapewa Disney Legend siku moja, steji moja, watu wazima wenye walikua na hizo kanda wakilia hadharani bila aibu. Mary Costa alikuwa ameipata 1999, Ilene Woods 2003. Mimi naiona hiyo siku ya Anaheim ka ndio deni lilianza kulipwa vile inafaa, juu wengi wao walikuwa bado na nguvu za kuimba, na wakaimba. Wapewe maua yao wakiwa na pua ya kuyanusa. Adriana aliyapata akiwa karibu kuondoka.

Kuna usiku ingine naweka karibu na hiyo. Februari 9, 2020, Oscar. Idina Menzel, sauti ya Elsa kwa Kiingereza, anaimba ngoma ya Frozen II na AURORA wa Norway, alafu nyuma wanatokea wanawake tisa, kila mmoja ni Elsa wa kwao. Takako Matsu wa Japani, Gisela wa Hispania, Carmen Sarahí wa Meksiko, Willemijn Verkaik mwenye huimba ya Kijerumani, Kasia Łaska wa Polandi, Anna Buturlina wa Urusi, Lisa Stokke wa Norway, Maria Lucia Rosenberg wa Denmark, Gam Wichayanee wa Thailand. Kila mtu mstari wake, lugha yake. Hii kazi ya kuingiza lugha ingine ni noma kuliko ya kwanza, juu mdomo tayari umechorwa. Elsa amefungua mdomo kwa "o" na lugha yako hapo iko na "i". Lazima mtafsiri apate neno lenye maana ni ile ile, silabi ni zile zile, na midomo ikutane penye inakutana. Na bado uimbe vizuri. Watoi wa hizo nchi hawamjui Idina. Elsa wao ni huyo wa kwao, na ilikuwa mara ya kwanza dunia nzima iwaone kwa steji kubwa hivyo.

Auliʻi Cravalho naye ni wa Hawaii, alichaguliwa kuwa Moana akiwa na miaka 14, karibu mwisho kabisa wa majaribio, baada ya mamia ya wasichana kupita. Muvi ikatoka 2016. 2018 ikarekodiwa upya kwa lugha ya Kihawaii, na Chuo Kikuu cha Hawaii kikasaidia, na Auliʻi akarudi kwa maiki akafanya yote tena kwa lugha ya mababu zake. Ya Kimaori ilikuwa ishatoka 2017. Frozen II ikapata ya Kisami, lugha ya watu wachache sana huko kaskazini mwa Ulaya.

So Kiswahili kilikuwa wapi kwa hao wanawake tisa? Hakikuwa. Lugha ya mamilioni, kutoka Mombasa hadi Bukavu, na Elsa wetu hakusimama hapo. Na si ati hatuna watu. Afrika Mashariki sisi ndio tunajua thamani ya sauti kuliko hiyo Hollywood yenyewe! Uliza msee yeyote alikua Eastlando kwa nini alikuwa anaingia video show ya mtaa. Alikuwa anaenda kuskia DJ Afro. Muvi inaweza kua ya Kihindi, ya Kichina, ya Schwarzenegger, mtu hakujali, bora ni Afro anaipiga stori. Jina lake lilikuwa kwa kava ya DVD, na yeye mwenyewe analitaja katikati ya vita, na hakuna mtu alilalamika ati ndoto imeharibika. Bongo walikuwa na Lufufu, kanda zake zilitafutwa hadi mikoani. Kampala wako na VJ Jingo na wenzake, na watu huchagua muvi kulingana na VJ. Huku kwetu mwenye sauti ndiye staa, mchezaji wa kwa picha anafuata. Walt aliogopa kitu yenye mtaa wetu ulishajua haina madhara.

Tena kazi imeshaanza kimyakimya. 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda vibaya. Baadaye StarTimes wakafanya mashindano ya kutafuta sauti Tanzania, na washindi wakapelekwa Beijing kuchapa hiyo kazi. Dar es Salaam iko na Ubongo, wenye wametupatia Akili and Me, katuni ya mtoi wa kike wa miaka minne mwenye anaishi chini ya Kilimanjaro na anabonga Kiswahili cha watoi wenyewe. Nairobi, Homeboyz walichora Tinga Tinga Tales, hekaya za wanyama za Afrika, ikaenda hewani 2010 kwa BBC, na hapo ndio nashika kichwa: mikono ilikuwa yetu, lakini wengi wa walioskika hewani huko walikuwa mastaa wa Uingereza ka Lenny Henry. Kazi ilikuwa kali, watoi wangu wa mtaa waliipenda, sikatai. Ila hekaya ya fisi ikisimuliwa, nataka kuskia ile koo ya shosho wa huku.

Lupita Nyong'o ametuonyesha vile inawezekana, Raksha kwa The Jungle Book 2016, alafu Roz, ule roboti wa The Wild Robot ya 2024, penye anaanza na sauti tambarare ya mashine na mwisho wa muvi ni mama kabisa. Lakini Lupita ni mmoja, na alipitia mbali ndio afike hapo. Huku kuna manzi ako Umoja sai amefunika kichwa na blanketi kwa kabati ya nguo, anarekodi tangazo la sabuni la sekunde thelathini, analipwa mara moja, na tangazo linachezwa mwaka mzima. Hakuna mtu ameandika jina lake. Hana mkataba unasema wakitumia tena atalipwa tena. Na sai kuna programu za kompyuta zinaiga sauti ya mtu kwa dakika chache za rekodi, so hiyo rekodi yake ya sabuni inaweza kesho kuuza unga, benki na siasa bila yeye kuona hata mbao.

Ndio maana naitisha vitu wazi. Vituo vya TV vya Nairobi na Dar, mkiweka sauti za Kiswahili kwa katuni, andikeni majina ya wenye sauti mwanzo, kabla ya muziki wa kufungua kuisha, na muandike kwa herufi zenye mtoi anaweza soma kutoka kwa kochi. Mikataba iseme malipo ya kurudia na ikataze kuiga sauti bila ruhusa. Wenye hupeana mataji ya filamu Kenya na Tanzania waweke taji la sauti. Na siku Elsa wa Kiswahili atapatikana, akue wa Lamu ama wa Kigoma ama wa Goma, nataka sura yake kwa bango la Moi Avenue, jina lake chini yake kwa herufi kubwa, na mahojiano ya lisaa lizima redioni penye anaulizwa alifunzwa kuimba na nani.